Ukilipia Tunda, Mlipe na Aliyelichuma

Vitamini C haina kabila. Ile inayotoka kwenye ubuyu wa Kilifi, ile ya tunda la gubinge la kaskazini mwa Australia na ile inayotengenezwa viwandani China kwa wanga wa mahindi ni molekuli moja, yenye atomi zilezile kwa mpangilio uleule, na ngozi haina namna ya kuzitofautisha. Matangazo ya vipodozi vya asili hulizunguka jambo hili kwa maneno matamu, lakini mjadala wowote wa maana kuhusu krimu na seramu zinazouzwa kwa jina la matunda ya kienyeji lazima uanzie hapo. Kama vitamini ni ileile, mnunuzi anayeongeza pesa ili apate ya tunda hajaongezewa ubora wa vitamini. Anachoongezewa, kama kipo, ni asili ya kitu chenyewe: mti uliosimama mahali fulani, watu waliouacha usimame, na maarifa yaliyowafikisha wengine kwenye tunda lake. Hoja yangu ni kwamba asili hiyo ndiyo pekee inayoweza kuhalalisha bei ya juu. Muuzaji asiyeweza kuithibitisha anadai malipo ya kitu ambacho hajakitoa.

Historia ya molekuli hii inaonyesha jinsi ilivyoachana na matunda mapema. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, aliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1928, na miaka michache baadaye akaipata kwa wingi katika pilipili za paprika za mji wa Szeged. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Lakini kabla hata hajatuzwa, mwaka 1933, Tadeus Reichstein alikwisha kuonyesha huko Uswisi namna ya kuitengeneza kutokana na glukosi, na mwaka uliofuata kampuni ya Roche ikaiingiza sokoni. Tangu hapo tunda halikuwa tena njia ya lazima. Leo sehemu kubwa ya vitamini C ya dunia, ya vidonge, ya juisi za paketi na ya vipodozi, hutoka katika viwanda vya China, tena kwa bei nafuu. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mtu mwenye kipato kidogo anayetaka seramu nzuri anaweza kuipata kwa sababu viwanda hivyo vipo. Ubaya unaanza pale picha ya tunda kwenye lebo inapodai sifa ambayo tunda hilo halikuichangia.

Ngozi yenyewe inaihitaji vitamini hii kweli. Bila hiyo, vimeng'enya vinavyoimarisha nyuzi za kolajeni havifanyi kazi yake, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliougua kiseyeye walivuja damu kwenye fizi na makovu yao ya miaka mingi yakafumuka upya. Ila kuipitisha kutoka nje, kupitia tabaka la juu la ngozi, ni kazi ngumu. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwenye ngozi ya nguruwe. Waliona kwamba vitamini C safi hupenya vizuri pale pH ya mchanganyiko inaposhuka chini ya 3.5, na kwamba kiasi kinachoingia huongezeka mpaka mchanganyiko ufike asilimia 20, kisha hakiongezeki tena. Seramu nyingi zilizotengenezwa kwa umakini hukaa kati ya asilimia 10 na 20. Sasa tupige hesabu. Tafiti za ubuyu hutoa viwango vinavyotofautiana sana, kuanzia miligramu 150 hivi hadi 500 za vitamini C kwa kila gramu 100 za unga. Tuchukue 300. Mtengenezaji akitia gramu moja ya unga huo katika gramu 100 za krimu, ameweka miligramu 3. Seramu ya asilimia 10 ina miligramu 10,000 katika uzito huohuo. Hata mtu akijipaka unga mtupu, usiochanganywa na chochote, atakuwa amejipaka asilimia 0.3. Gubinge, ambalo ni miongoni mwa matunda yenye vitamini C nyingi zaidi kuwahi kupimwa, lina kama miligramu 3,000 kwa gramu 100 likiwa bichi, yaani asilimia 3. Likikaushwa kiwango hupanda, na mtaalamu anaweza kulikamua apate kitu kikali zaidi, lakini matone machache yanayoishia kwenye krimu ya kawaida hayaibadilishi hesabu hii.

Hata ule ulinganisho maarufu wa ubuyu na chungwa, kwamba ubuyu una vitamini C mara sita ya chungwa, haujakaa sawa. Ubuyu hujikausha wenyewe mtini. Chungwa karibu asilimia 87 yake ni maji. Ukiliondolea chungwa maji yote bila kupoteza vitamini yake, litafika karibu miligramu 400 kwa gramu 100, sawa na ubuyu mzuri. Silengi kuudharau ubuyu. Ni chakula bora, wenye kalisi na nyuzinyuzi nyingi, na gramu 30 za unga wake katika glasi ya juisi humpa mtu mzima vitamini C ya karibu siku nzima. Vitamini hiyohiyo ikiwekwa kwenye krimu haitoshi kwa lolote. Tunda ambalo linaleta faida kubwa kupitia mdomoni na ndogo sana kupitia shavuni linapaswa kutufanya tujiulize nani anakosa pale soko la nje linapolihitaji shavuni.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hesabu, nalo limeenea kwenye soko letu wenyewe: mafuta ya mbegu za mbuyu yanayouzwa kwa madai kwamba yamejaa vitamini C. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Inakaa kwenye ule unga mweupe unaozunguka mbegu, na mbegu ikikamuliwa, mafuta yanatoka bila hiyo. Ni mafuta mazuri kwa ngozi kavu, yana asidi za oleiki na linoleiki zinazozuia ngozi kupoteza unyevu, na mama anayempaka mtoto mafuta hayo hajakosea. Basi yauzwe kwa sifa hizo. Muuzaji anayeyasifu kwa kitu yasichokuwa nacho anawachimbia shimo wakamuaji wote, wakiwemo wale wa Makueni na Dodoma ambao bidhaa yao ni safi, kwa sababu siku mnunuzi atakapogundua, hatarudi kumtafuta mkweli.

Na kwetu madai haya yana hatari ya ziada. Vitamini C hupunguza kiasi fulani cha utengenezaji wa rangi ya ngozi, na wachuuzi wanalijua hilo, kwa hiyo neno "kung'arisha" limeshikamanishwa nayo kama kivuli cha mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na Mkataba wa Minamata unazitaka nchi wanachama ziondoe vipodozi vyenye zebaki sokoni. Bado zinapatikana. Anayemuuzia binti seramu ya tunda kwa ahadi ya weupe anaendeleza tamaa ileile inayowalisha wauza zebaki, hata kama chupa yake haina sumu. Seramu ikipoteza nguvu yake ndani ya wiki chache, kama vitamini C inavyofanya ikikutana na hewa, mwanga na joto la pwani, na weupe ulioahidiwa usipokuja, wauza zebaki wanamsubiri jirani.

Wapo watakaonijibu kwamba tunda si vitamini pekee. Ni kweli, na ni pingamizi lenye uzito kuliko mengine. Gubinge lina asidi ya elajiki na asidi ya galiki kwa wingi. Ubuyu una polifenoli zake. Na Pinnell huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba vitamini C ikichanganywa na vitamini E na asidi ya feruliki, ambayo hupatikana kwenye mimea, huilinda ngozi dhidi ya jua maradufu kuliko bila asidi hiyo. Kwa hiyo mchanganyiko unaweza kuishinda molekuli moja. Lakini angalieni kilichofanyika pale: kila kiungo kilipimwa, asilimia 15, asilimia 1, asilimia 0.5, na matokeo yakalinganishwa na ngozi isiyopakwa. Anayetaka kudai kwamba tunda zima ni bora kuliko sehemu yake anaweza kufuata njia hiyohiyo. Tunda la mwituni hubadilika kutoka mti hadi mti na msimu hadi msimu, na kusema tu kwamba ni la asili hakujapima chochote. Mpaka vipimo vya bidhaa yenyewe viwekwe mezani, ziada ya bei haiwezi kudaiwa kwa jina la ngozi.

Turudi basi kwenye asili, na gubinge ni mfano ulio wazi. Mti wake, Terminalia ferdinandiana, ndugu wa mkungu wetu wa pwani, huota kuanzia Kimberley, Australia Magharibi, hadi kaskazini mwa Northern Territory. Duniani tunda lake linauzwa kwa jina la Kakadu plum. Waaborijini wamekula tunda lake tangu enzi, na gome lake la ndani wamelitumia kutibu vidonda na maradhi ya ngozi. Mwaka 1982 watafiti wa Sydney waliripoti kiwango chake cha vitamini C katika jarida la Lancet, na baada ya hapo kampuni za vyakula na vipodozi zikaanza kulisogelea. Kampuni ya Mary Kay ya Marekani iliomba hataza nchini Australia juu ya vipodozi vyenye mchanganyiko wa tunda hilo na lile la açaí la Amazon. Ombi lilipingwa, hoja kubwa ikiwa kwamba matumizi ya tunda hilo yalijulikana kwa wenyeji tangu kale, na hatimaye likaondolewa. Wakati huohuo, makadirio yanayotajwa mara nyingi huko Australia ni kwamba katika biashara nzima ya vyakula vya asili vya nchi hiyo, sehemu inayowarudia Waaborijini ni asilimia moja au mbili hivi. Watu waliolijua tunda, kwenye ardhi yao, wakabaki wachumaji wa kulipwa kwa kilo.

Kilichofuata ndicho kinanishawishi kwamba hali hii inaweza kubadilishwa. Vikundi vya Waaborijini vya kaskazini viliungana kuunda ushirika wao, NAAKPA, ili viuze gubinge kwa pamoja, wachumaji wenyewe wakiwa ndani ya biashara. Katika jamii kama ile ya mji wa Wadeye wanawake huchuma kwa mkono matunda ya porini msimu ukifika, na matunda hugandishwa haraka ili vitamini isipotee. Mnunuzi wa mzigo wao anaweza kuonyeshwa tunda limechumwa wapi, na nani, kwa ruhusa ya wenye ardhi ipi. Huo ndio uthibitisho ninaouzungumzia. Krimu yenye gubinge la namna hiyo ina haki ya kuuzwa ghali hata kama vitamini C iliyomo ni chembe, mradi lebo iseme ukweli kuhusu chembe hiyo na fedha zifike Wadeye. Krimu yenye gubinge lisilojulikana lilikotoka, hata ikiwa na kiwango kikubwa zaidi, haina sababu ya kuizidi bei seramu ya kiwandani.

Kwetu ubuyu uko nyuma ya hapo. Umoja wa Ulaya uliuidhinisha kuwa chakula kipya mwaka 2008, mamlaka za Marekani zikafuata mwaka 2009, na tangu hapo unga na mafuta yake yameingia katika bidhaa nyingi za huko. Mlolongo wa kutoka mtini hadi bandarini ni mrefu na kiza ni kingi. Vijana huangusha matunda, akina mama huyaokota, huyapasua na kuyapepeta, dalali hupita na gunia lake, na kuanzia hapo ubuyu wa Kitui na ule wa Taita hauna tofauti. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, ilikusudiwa kuhakikisha kwamba anayefaidika na rasilimali za kijenetiki na maarifa ya wenyeji anagawana faida nao. Kenya na Tanzania ni wanachama. Lakini itifaki hiyo inahusu utafiti na uendelezaji. Gunia linalonunuliwa sokoni kama chakula halihesabiwi. Likishafika maabara ng'ambo na kuchunguzwa kemia yake kwa ajili ya krimu mpya, ndipo wajibu unapozuka, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka lilitoka kijiji gani. Mkataba mwingine uliopitishwa Geneva Mei 2024 unataka waombaji wa hataza wataje rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi walivyotegemea vimetoka wapi. Ni hatua njema, ila atatajaje asili mtu ambaye alipouziwa hakuambiwa?

Mwishoni mwa mwaka 2022 Wakenya walishuhudia mibuyu mizima ikichimbuliwa Kilifi ili isafirishwe kwa meli hadi nchi ya Georgia, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi kuhusu kibali, akiitaja itifaki hiyo ya Nagoya. Ghadhabu ilikuwa ya haki. Hata hivyo swali la uchumi lilizungumzwa kidogo mno: kwa nini mwenye shamba alikubali kuuza mti uliopandwa na Mungu kabla ya babu yake kuzaliwa? Kwa sababu malipo ya mara moja yalizidi kwa mbali kile ambacho matunda yake yangemletea kwa miaka mingi. Bei nzuri ya tunda ni ulinzi wa mti, na miti yenyewe inahitaji ulinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Plants ulionyesha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi barani Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kubwa zimeanguka tangu mwaka 2005.

Hapa mtu anayeijua Morocco atanisahihisha, na sitamkatalia. Mafuta ya argan yalipopanda chati katika vipodozi vya dunia, uchunguzi wa Travis Lybbert na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba baadhi ya familia za vijijini zilifaidika, wasichana wengi zaidi wakaendelea na sekondari, lakini fedha nyingine zikanunua mbuzi, na mbuzi wa kule hupanda juu ya miti hiyohiyo na kuila. Bei peke yake haitoshi kuulinda mti. Inahitaji kwenda pamoja na makubaliano ya kijiji kuhusu nani achume, kiasi gani kiachwe mtini na miche ilindwe vipi dhidi ya mifugo, jambo lenye uzito mkubwa kwa mbuyu ambao hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa. Sehemu ya fedha ya mnunuzi wa ng'ambo inapaswa kulipia kazi hiyo waziwazi, kwa mstari wake kwenye mkataba.

Watengenezaji wetu wadogo watalalamika kwamba vyeti ni ghali, na kwamba masharti haya yatawaua wao kabla hayajamgusa mkubwa. Wana haki ya kulalamika. Cheti cha kimataifa cha uchumaji wa haki kinaweza kugharimu zaidi ya faida ya mwaka ya kikundi cha akina mama. Lakini ninachokidai kinaanza na daftari: jina la kijiji, tarehe, kilo, bei aliyolipwa mchumaji, sahihi yake au dole gumba lake. Kikundi kidogo kinaweza kufanya hivyo kesho, tena kwa urahisi kuliko kampuni inayonunua kwa dalali wa tatu. Shirika la viwango la TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi Tanzania, na KEBS, shirika mwenzake la Kenya, yanaweza kuamua kwamba neno "asili" likiambatana na jina la tunda kwenye lebo lidai daftari hilo, na kwamba dai la vitamini C lidai asilimia iliyopimwa, iandikwe kwa tarakimu.

Linabaki pingamizi la mwisho: ubuyu ni wa nani? Mbuyu umeenea kutoka Senegal hadi Msumbiji, na maarifa yake hayana mwenyewe mmoja wa kulipwa. Afrika Kusini ilikumbana na swali la namna hiyo kuhusu majani ya rooibos. Mwaka 2019, baada ya mazungumzo ya miaka mingi, sekta nzima ilikubali kulipa jamii za Wakhoi na Wasan tozo ya asilimia 1.5 ya bei ya shambani, bila kusubiri kila kampuni ijadiliane peke yake. Rooibos huota eneo moja tu la Cederberg, hivyo ilikuwa rahisi kuibana. Ubuyu ukitozwa Kenya peke yake, mnunuzi atahamia Malawi. Ndiyo sababu tozo ya ubuyu inafaa ianzie Jumuiya ya Afrika Mashariki, itozwe pale mzigo unapotoka nje ya nchi, na irudi kwenye wilaya na kaunti zinazochuma kwa kadiri ya kilo zilizoandikwa kwenye daftari zao. Baadhi ya wanunuzi watakwenda kwingine. Watakaobaki ni wale wanaotaka kuandika jina la Kilifi au la Dodoma kwenye chupa zao, na hao ndio wanaoweza kulipa.